Herufi Kubwa za Nasima

Usinisifie kompyuta. Mume wangu Zubair alikuwa na ofisi ya barua pepe karibu na stesheni ya Voi, mwaka wa tisini na tisa. Virusi na matangazo ya kipuuzi vilimchosha, basi akaiwekea seva yake ya Linux, kompyuta iliyopokea barua zote, chujio: barua yoyote ya herufi kubwa tupu itupwe kando.

"Anayeandika hivyo anapiga kelele, Umi. Ni tapeli tu," akaniambia, akijidai.

Lakini kwetu watu walizoea telegramu. Habari nzito huandikwa hivyo hivyo, kwa herufi kubwa na maneno machache. Na simu ya ofisi haikupatikana. Kutwa laini ilishikwa na kompyuta.

Ijumaa jioni aliniita nione uchafu ulionaswa. Tukacheka sana. Kisha tukaona jina la dadake Nasima, aliye Mombasa. Barua yake ilikuwa ya jana: BABA MAHUTUTI NJOO UPESI.

Juu yake palikuwa na nyingine, ya asubuhi ile: BABA AMEFARIKI. MAZIKO ALASIRI. TUNAKUNGOJA WEWE UMSHUSHE KABURINI.

Zubair ndiye mwana wao wa pekee wa kiume. Nje, adhana ya magharibi ilikuwa imeanza.