Betri Iliyooshwa Kama Miguu

Juzi niliona unga mweupe kwenye vichwa vya betri ya bodaboda, nikakumbuka utoto wangu Katwe, kando ya ziwa la chumvi.

Mota ya betri ya mtumbwi wetu mkuukuu ilikuwa imekataa kuwaka. Baba alifuata nyaya zote bila kuona kosa, akaapa kuupasua mtumbwi uwe kuni. Mimi nilitazama unga kama huo kwenye vichwa vya betri. Mama akitoka kuvuna chumvi, miguu yake ilikuwa ikikauka na kuwa na unga mweupe vilevile, nami nilikuwa nikimwosha kwa maji ya uvuguvugu. Nikaimwagia betri maji kama yale.

“Wee mutoto! Unafanya nini?”

“Iko na chumvi, baba. Imechoka kama mama.”

Unga uliyeyuka, waya uliolegea ukaonekana. Baba akaukaza, mota ikavuma.

Leo najua haikuwa chumvi ya ziwa, bali ukoko wa asidi ya betri. Baba alilijua hilo siku ile ile. Lakini jioni ile alichemsha maji mwenyewe, akamwosha mama miguu.