Mbuzi Ambaye Hakuvuka Barabara

Nimekosa, na sitaki mnihurumie. Naandika hapa kwa sababu huku mtaani kwetu Pasiansi sina wa kumwambia haya akaendelea kuniangalia kama zamani.

Mimi na mke wangu, Kabula, tulikuwa tunacheza gemu la rali. Msidhani ni vile vigemu vya kwenye simu. Hili ni gumu mpaka unataka kulia. Gari linateleza kwenye changarawe kama limepakwa sabuni. Ukigusa jiwe, tairi limekwisha. Ukipinduka, unaanza mashindano yote upya.

Kwenye rali kuna dereva na kuna anayemsomea njia, anamtajia kona kabla hajaiona. Gemu lina sauti ya kusoma, lakini kwa Kiingereza cha mbio, na mimi nilikuwa naangusha gari kila siku. Kabula akaizima ile sauti, akawa anasoma alama za kona kwenye skrini yeye mwenyewe. "Kulia laini. Nyoosha. Kushoto kali, usikate, kuna jiwe."

Tukaanza kumaliza mbio. Jamani, tulikuwa na raha. Ndoa yetu ilikuwa changa na nilijiona dereva kweli.

Jumapili moja tulikwenda Buswelu kuwasalimia wazazi wake kwa gari la kaka yangu. Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Ile barabara ya vumbi inapita katikati ya mawe makubwa, na mimi nikaona gemu tupu.

"Nisomee," nikamwambia.

Akacheka, akaanza kusoma. Nikakanyaga mafuta. Kona ya kwanza gari likateleza vizuri, ya pili pia. Halafu akasema, "Punguza." Nikadhani anacheza. Akasema tena, "Punguza, naogopa."

Hilo la pili nililisikia. Nilijua hachezi tena. Sikupunguza, nilitaka aone kwamba naweza.

Tuligonga jiwe upande wake. Alivunjika nyonga. Mimi nilichubuka mkono tu.

Baba mkwe alifika wodini na matope miguuni. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza, "Imekuwaje, mkwilima?"

"Mbuzi, baba. Alikatiza ghafla, nikamkwepa."

Sijui uongo huo ulitoka wapi. Kabula alikuwa macho. Aliniangalia kidogo, kisha akageuzia uso ukutani.

Pale kwenye kona tulipogonga, anayefuga mbuzi ni mtu mmoja, Mzee Masanja, mgane anayeishi peke yake. Sikumtaja. Haikuhitajika nimtaje.

Alikuja hospitali kabla ya wiki kwisha, kofia mkononi, na chupa ya maziwa. Akasimama kwenye kitanda cha Kabula. "Nisameheni, wanangu. Siku ile niliwafunga wote. Au nilidhani nimewafunga. Uzee huu."

Hapo ndipo ningesema. Nafasi ilikuwa wazi kabisa. Badala yake nilimshika mkono nikamwambia, "Yameshapita, mzee. Tumekusamehe."

Kabula aliporuhusiwa alikwenda kwao kuuguzwa, na hakurudi. Nilimfuata. Alikuwa ameketi kibarazani na fimbo yake.

"Nyonga inapona," akaniambia. "Ila ulimsamehe mtu ambaye hakukukosea. Tena mbele yangu."

"Mbona na wewe ulinyamaza?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

Niliporudi nyumbani niliwasha lile gemu, sijui nilitafuta nini. Kwenye kila kona nilisikia "punguza", kwa sauti yake ileile, na ile sauti ya gemu ilikuwa bado imezimwa. Nikalichomoa. Lakini bado naisikia, hata nikiwa kazini Kirumba, hata nikivuka barabara kwa miguu.

Mwishowe nilimweleza baba mkwe ukweli wote. Alinisikiliza akiwa amesimama. "Kamwambie mwenyewe," akasema. "Na usiniamkie mpaka umwambie."

Nikaenda kwa Mzee Masanja, nikakuta banda la mbuzi liko tupu. Jirani, mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa, akanieleza kwamba mzee aliwauza. Alikuwa akishawafunga anarudi kukagua kamba, anarudi tena, hali wala halali, anaogopa wataumiza mtu mwingine. Binti yake akaja kumchukua, akampeleka Sengerema.

Nikamfuata Sengerema. Nilimkuta uani kwa binti yake, amekonda. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mzee. Hakukuwa na mbuzi. Nilikuwa naendesha kwa fujo, mke wangu akanikataza, nikampuuza. Halafu nikadanganya."

Akaniwekea mkono kichwani.

"Wewe una moyo mzuri, mwanangu," akasema. "Umetoka mbali hivi kuja kunifariji. Lakini mbuzi nilimwacha mimi. Nakumbuka kabisa, ile kamba sikuikaza."

Nikarudia. Binti yake akarudia kwa Kisukuma. Akawa anatikisa kichwa tu, ananipigapiga begani, ananiambia nisijisumbue.

Nimeshakwenda mara nyingine, na jibu ni lile lile. Kabula bado yuko kwao, na sina cha kumpelekea.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu anabeba kosa lako, nenda leo ukamwambie. Usingoje upate maneno mazuri. Mimi nilichelewa, na sasa yule mzee anauamini uongo wangu kuliko anavyoniamini mimi.