Mwano katika Banda la Masalu

Dada Rozina Agutu hakuwa mtu wa kuongeza neno. Mzungu kwenye video akisema njoo, Rozina alisema njoo, akanyamaza. Wakalimani wa mabanda ya video ya mjini Nyamagana si hivyo. Mzungu akikohoa tu, wao wanakupa habari zote za mama mkwe wake, watu wanacheka, banda linajaa. Rozina hakutaka. Baba yake, mzee Obiero, alikuwa mfasiri wa mahubiri kanisani kwao Shirati, na alimlea akimwambia kwamba mfasiri anayetia la kwake katika kinywa cha mwingine ni mwizi sawa na mwizi wa kuku.

Mimi nilikuwa jirani yake Buhongwa. Mwaka huo wa tisini na sita nilikuwa namnyonyesha mwanangu Precious, na kila asubuhi Rozina alikuja kwangu kuomba moto. Nilimwekea makaa mawili matatu kwenye kigae, akamshika mtoto shavu, akaenda zake. Hakuwa na mazungumzo marefu. Macho yake yalitoka machozi hata pasipo na moshi. Miaka tisa alikuwa amekaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayotupwa na viwanda minofu ikishasafiri kwenda Ulaya, mpaka daktari akamwambia achague, moshi au macho. Kiingereza alikuwa nacho, alikipata kwa kulea watoto wa walimu wa kizungu kule Musoma. Ndipo Masalu alipompa kiti na kipaza sauti katika banda lake la video. Aliniambia ni kazi ya kwanza maishani mwake anayoifanya ameketi.

Masalu alikuwa mtu wa ile miaka ya ruksa, kila mmoja anauza kitu. Siku moja alirudi kutoka mjini na boksi la kanda kumi na mbili, zote za mchezo mmoja mrefu wa televisheni uliotengenezwa kwa wazungu miaka ya themanini. Hakuuliza unahusu nini. Alipenda picha ya juu ya boksi, chombo cha angani kinawaka taa pande zote.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Wageni wanashuka kutoka kwenye nyota, nyuso zao za mpira wa kijani, suti zao za rangi ya fedha zina mabega mapana kama milango. Wanakuja katika nchi ya wafugaji. Kila baada ya muda kidogo mwanga unashuka kutoka kwenye chombo, na ng'ombe wanapaa mmoja mmoja huku miguu inaning'inia. Wenye ng'ombe wanaangalia juu, midomo wazi.

Watu wa Buhongwa waliuchukia tangu kanda ya kwanza.

"Zipu ile mgongoni mnaiona?" alisema Nathaniel, fundi cherehani. "Mtu katoka kwenye nyota, kashonewa na fundi wa mnadani. Tena pindo halijakunjwa."

"Na chombo chao kimefungwa uzi," mtu akadakia kutoka nyuma.

"Uzi huo nimeuona zamani. Mimi kazi yangu uzi."

Bernadeta, aliyeuza vitumbua mlangoni na kuangalia bure kwa kuchungulia, alimchukia mwanamke wa mchezo, mke wa mwenye ng'ombe. "Nywele zile zimekula chupa nzima ya dawa. Nchi inavamiwa, yeye kachana."

Lakini hakuna aliyeuchukia kama Ngosha. Ngosha alikuwa na ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote upande wetu wa barabara ya Shinyanga, na tena alikuwa mtemi wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kitongoji chetu. Alikaa benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti.

"Ng'ombe arobaini wamepaa," alisema, "na mwenye ng'ombe anakunywa chai. Mwano uko wapi?"

Mwano ni yowe la hatari. Kwetu, mtu akivamiwa anapiga mwano, na kila aliyeusikia anaacha alichoshika, anaupokea kwa sauti yake ili wa mbali zaidi nao wasikie, na anakimbilia huko na silaha yake. Asiyekwenda anaulizwa. Aliyekuwa akiuliza ni huyo huyo Ngosha.

"Mama wa Shirati," alimwita Rozina, "mwulize mzungu wako. Kwao hawana majirani?"

"Siwezi kumwuliza, baba. Yuko ndani ya kioo."

"Basi wewe umekalia nini hapo?"

Watu walicheka. Rozina alingoja wanyamaze, hawakunyamaza, na picha nayo haikumngoja. Alisema maneno fulani yaliyotoka kwa yule mwanamke wa nywele. Sikuyasikia, ingawa nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye kiti chake.

Ikawa hivyo kanda ya pili, ya tatu, ya nne. Wengine walianza kuondoka katikati. Masalu alimwita Rozina nyuma ya banda, mahali ninapoanikia nepi, akamwambia nikisikia.

"Kanda ya sita ikiisha wakiwa bado wanapiga kelele, mimi nachukua picha za kareti. Za kareti hazina haja ya mkalimani. Mtu anapigwa, unaona kapigwa."

"Sawa," alisema Rozina.

"Waongezee kidogo, dada. Kidogo tu. Wenzako wanaongeza."

Rozina akarudi kwenye kiti chake. Jumamosi asubuhi alikuja kuchukua moto kama kawaida, akasimama na kigae mkononi bila kuondoka.

"Mama Precious, mwano wa Kisukuma unaanzaje hasa? Miaka yote nausikia kwa mbali, mwanzo wake sijaushika."

Nilidhani ni maongezi tu. Nikaweka kiganja mdomoni, nikamwonyesha kwa sauti ya chini mtoto asishtuke. Unaanzia juu, unashuka, unapanda tena haraka. Akajaribu mara mbili, polepole. Aliupata vizuri. Nikacheka, nikamwambia sasa umekuwa mtu wa hapa.

Alasiri ile banda lilikuwa nusu. Ng'ombe walianza kupaa. Mwanamke wa nywele akatoka barazani kwake, akafungua mdomo, na kwa Kiingereza alisema kitu kifupi, kwa upole. Rozina akaweka kiganja mdomoni, akapiga mwano kwenye kipaza sauti.

Asichokijua ni kwamba asubuhi hiyo Masalu alikuwa ameunganisha spika kubwa juu ya paa, ivute wateja kutoka barabarani. Hakuwa amemwambia.

Ndani ya banda wanawake waliupokea kabla hawajafikiri. Hata mimi, Precious kifuani, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Ngosha aliruka benchi akakimbia kuelekea zizi lake, kiatu kimoja kikabaki. Huko nje mwano ulikuwa umeshavuka barabara na kupanda milimani. Tulisikia filimbi, kisha pembe. Watu walitoka mashambani na majembe, walitoka visimani, walikuja na pinde na marungu, jasho linawatiririka, wanauliza wako wapi, wamepita wapi. Mzee Chenge, aliyekuwa mgonjwa kitandani wiki mbili, alitoka na upinde wake, akaanguka mtaroni na kuvunjika mkono. Walipoambiwa ni video, walishusha silaha, wakamtazama Rozina.

Jumapili, watu wakishatoka kanisani, Rozina alihukumiwa mbele ya ghala la ushirika la pamba, lile lililokuwa limefungwa. Ngosha alikaa kwenye kiti, viatu vyote viwili miguuni.

"Nani alikuwa anauawa?" aliuliza.

"Hakuna," alisema Rozina.

"Nani alikuwa anaibiwa?"

"Mzungu. Kwenye video."

"Huyo mzungu alipiga mwano mwenyewe?"

"Hakupiga. Nilimwongezea mimi."

Watu wakaguna. Nilimwona anavyoshika ncha ya kanga yake anaisokota, na nikajua si hukumu inayomuuma. Ni hilo neno, kuongeza, alilolisema mbele za watu kwa kinywa chake.

"Baba," akasema, "kila siku uliuliza mwano uko wapi."

"Niliuliza. Sikukutuma."

"Mkono wa Chenge utafasiriwaje?" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Tufasirie na huo."

Mtu mwenye ng'ombe angetozwa ng'ombe. Rozina hakuwa nao, basi akapewa siku saba za kutengwa, kuanzia saa ile aliyopiga mwano. Hakuna kumsalimia, hakuna kumjibu, hakuna kumpa moto wala maji. Atakayemsemesha, na yeye siku saba.

"Na banda langu?" aliuliza Masalu.

"Kazi ni yake," alisema Ngosha. "Aseme na kioo chake. Sisi hatutamjibu."

Hakuna aliyeuliza nani alimfundisha, na Rozina hakusema. Mimi nilikuwa nimesimama kati ya wanawake, namtikisa mtoto, na sikusema.

Jumatatu asubuhi hakuja kuomba moto. Alipita nje ya ua wa minyaa na ndoo, akienda mbali, kwenye maji ya bonde. Precious alimwona, akanyoosha mkono kwa furaha kama kila siku. Niliushusha ule mkono. Kisha nikaweka makaa kwenye kigae, nikakisogeza penye tundu la ua, nikaingia ndani. Nilipotoka, kigae kilikuwa upande wa pili, kitupu. Tukafanya hivyo siku zote bila kuonana macho.

Alasiri watu walikuja bandani, wengi kuliko mwanzo. Walitaka kumwona mtu aliyetengwa anavyokaa. Ng'ombe wa kwanza alipopaa, Nathaniel alifungua mdomo kuisema zipu, na jirani yake akamfinya paja. Kwa maana lilikuwa limezuka swali ambalo hukumu haikulijibu. Rozina anafasiri, wewe unaitukana picha, je, huko si kumjibu Rozina? Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujua. Ngosha mwenyewe alikaa mbele, fimbo katikati ya magoti, taya linacheza.

Basi tukanyamaza. Masalu alionyesha kipande kwa siku, kanda ya tano ikaisha, ya sita ikaanza, na kwa mara ya kwanza sauti ya Rozina ilisikika mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa sauti kavu, haina mapambo. Alirudi kwenye desturi yake, neno kwa neno. Mgeni wa uso wa mpira akisema upuuzi, alitupa upuuzi ule ule. Picha haikuwa nzuri zaidi kwa kunyamaziwa. Uzi ulionekana, pindo lilikuwa lile lile, na watu walikuwa wanaichukia kimya, mikono imefungwa kifuani, wakivuta pumzi puani.

Jumamosi, siku ya saba, kanda ya sita ilifika mwisho wake. Mwenye ng'ombe na mke wake wamekaa barazani, zizi tupu. Mume anauliza kwa nini usiku ule hakupiga kelele. Na Rozina akatufasiria jibu la yule mwanamke.

"Jirani yetu wa karibu yuko maili kumi. Ningemwita nani? Nilifungua mdomo, nikaufunga."

Kisha mwanamke akasema, na Rozina akasema, "Wamemchukua na yule wa maziwa ya mtoto."

Nikamsogeza Precious karibu. Benchi la mbele lililia chini ya Ngosha. Picha ikakatika, kioo kikawa na chenga nyeupe. Hakuna aliyeondoka. Ngosha aliitazama saa yake ya mkononi, akaitazama tena, akangoja. Mshale ulipofika mahali pake alisimama.

"Mama wa Shirati."

"Naam, baba."

"Picha yako ni mbaya. Ilikuwa mbaya tangu mwanzo, na nimekaa siku saba nimeimeza."

"Si yangu, baba. Ni ya Masalu."

"Kumbe jirani yuko maili kumi."

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema kanda ya kwanza," alisema Rozina. "Na ya tatu."

"Hatukusikia."

"Mlikuwa mnaongea."

Ngosha alifungua mdomo, akaufunga, na Nathaniel hakuweza kungoja zaidi. Zipu, alisema. Siku saba ile zipu. Bernadeta kutoka mlangoni akaingiza nywele, kwamba maili kumi hakuna jirani na bado kachana, kamchania nani? Mwingine akasema mjinga ni mume, kujenga maili kumi kutoka kwa watu ni kuwaitia wezi. Mwingine akasema hata mpira wa nyuso ungetosha kushona viatu vya kitongoji kizima. Banda zima likawa linasema kwa pamoja, kwa hasira ya watu waliofungiwa.

Masalu alikuja mbele akiwa ameshika kanda mpya yenye picha ya mtu anayerusha teke.

"Kelele ndizo hizo, dada," alimwambia. "Nilikuambia."

"Uliniambia kanda ya sita ikiisha wakiwa wanapiga kelele," alisema Rozina. "Imeisha wakiwa kimya. Wameanza baadaye."

Masalu alifikiri. Aliyatazama mabenchi, akatafuta mtu anayeelekea mlangoni, hakumwona.

"Wale ng'ombe," Ngosha aliuliza juu ya kelele, bado amesimama, kwa sauti ya mtu anayemhoji mshitakiwa, "watarudi?"

"Sijaiona kanda ya saba, baba. Siwezi kusema nisichokiona."

"Basi iweke, upuuzi huo tuumalize."

Masalu akaiweka ile ya mateke juu ya boksi, akatafuta ya saba. Ngosha alikaa wa kwanza. Rozina alifuta macho kwa ncha ya kanga, akasogeza kipaza sauti, na kabla hajaanza alinigeukia.

"Kesho nitakuja kuchukua moto," alisema.

"Karibu, dada," nilimjibu, na Precious akanyoosha mkono. Safari hii sikuushusha.