Muvure wa Adèle

Mukono wangu umezoea jembe, halafu munanilazimisha niandike habari ya Maman Cibalonza wa Kavumu. Sawa, shikeni.

Dengue ilipoingia kijijini, yeye na rafiki yake Adèle walizunguka nyumba kwa nyumba wakifundisha watu kufunika mapipa na kumwanga maji yenye kulala, kwani mbu wa dengue anazalia mule na anauma muchana. Kila mara Adèle aliapa, "Kwangu hakuna hata tone."

Kisha mujukuu wa Cibalonza, Nsimire, akaanguka na homa, mifupa yote ikimuuma. Cibalonza akapita nyuma ya nyumba ya Adèle. Chini ya majani ya ndizi akakuta muvure, ule mutumbwi wa mbao wa kukamulia pombe ya ndizi, umejaa maji, watoto wa mbu wanacheza ndani.

"Adèle, nini hii?"

"Maman, ukikauka unapasuka. Baba yangu ndiye aliniachia."

"Na Nsimire, yeye hapasuki?"

Akaupindua palepale. Nsimire alipona, lakini mpaka leo Cibalonza hapokei mukono wa Adèle, hata ndani ya kanisa.

Wewe mwenye kusoma, usinipe pole ya kuandika. Simama, zunguka nyuma ya nyumba yako, mwanga maji unayoficha, kisha uje uniambie ulikuta nini.