Hina ya Jasho Iliyonikosesha Mume

Nilikosea mimi, wala sitafuti wa kumsingizia. Mume nilikuwa naye mkononi, nikampoteza kwa mkono huohuo!

Mimi ni nesi, mzaliwa wa Songea. Miaka ile wakimbizi wa Burundi wanaingia kwa makundi, nilihamishiwa Kigoma kuwahudumia. Tangu utotoni viganja na nyayo zangu hutoka jasho la kuchuruzika. Ndala zinateleza, glavu nikivua zinamwaga maji! Na Warundi kwa kusalimiana, jamani! "Amahoro, amahoro," mtu kakushika mikono yote miwili, hakuachii mpaka aulizie ukoo mzima.

Nikajitibu. Chumvi, ndimu, kuloweka mikono kwenye chai ya rangi. Nikaishia kunukia kama mgahawa.

Mama mwenye nyumba wangu, pale Ujiji, akaniambia, "Paka hina, mwanangu, inakausha. Ila nyayo tu."

Sikuuliza kwa nini nyayo tu. Mjuaji mimi! Nikapaka nyayo, viganja, hadi kucha.

Sasa, nilikuwa na mchumba, Hamisi, mtoto wa Ujiji, dereva wa lori la chakula cha wakimbizi. Alikuwa Kasulu, akirudi apeleke posa kwetu. Mkono wangu hajawahi kuushika. Nauficha ndani ya khanga, yeye anadhani ni adabu.

Akarudi na dumu la mawese la kuwapelekea wazazi wangu. Viganja vikavu! Nikamnyooshea vyote viwili kwa maringo.

Akatazama mikono, akatazama miguu. Kumbe kwao hina ya namna ile ni ya bibi harusi!

"Nimekwenda Kasulu tu, mara hii umeshaolewa? Haya, hongera, dada. Mawese yawe zawadi ya harusi."

Dada! Ningesema tu, "Ni dawa ya jasho." Nikaona aibu kulitaja jasho. Nikajibu, "Asante."

Asante, mimi! Mawese yale niliungia maharage huku nalia.

Kila siku nikasema kesho nitamweleza. Alipokuja kusikia kwamba sijaolewa, alishaposa binti mwingine, mtaa wa Rusimbi.

Harusini nikampa mkono bibi harusi. Lahaula! Kiganja chekundu kwa hina, na kinachuruzika maji!

"Samahani, dada, mikono yangu ndivyo ilivyo," akaninong'oneza.

Hamisi akacheka. "Mimi aliniambia siku ya kwanza. Tangu hapo natembea na leso yake mfukoni."

Wenzangu wa mikono ya maji, semeni mapema! Wangu hakukimbia jasho. Alikimbia ile asante yangu.