Bakuli la Maji

Mama wa Mbwa, ndivyo mtaa mzima wa Migosi unavyomwita yule anayeokoa wanyama wa mitaani, hamgusi mnyama kabla ya kumwekea bakuli la maji. Huchuchumaa kando, mikono yake yenye makovu juu ya magoti, akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini mpaka mnyama anywe. Lorine aliupenda wimbo huo tangu klabu yao ya vijana wa kujitolea ilipomwalika mama huyo awafundishe kazi yake. Jumamosi hiyo wanaklabu walimtangulia: waliokota mtoto wa mbwa sokoni, wakampakata kwa zamu wakipigana picha. Mama wa Mbwa alipofika aliweka bakuli, akaanza kuimba. Mbwa akainama, lakini maji yakamtoka mdomoni pamoja na mate, taya limelegea. Wimbo ukakatika.

"Nani ameshika huyu?"

"Sisi wote, Mama," akajibu mwenyekiti Wechuli.

"Na nani ako na kidonda?"

Hakuna aliyethubutu kutamka kichaa cha mbwa. Lorine alitazama kidole chake, kilichochomwa na mwiba wa ngege asubuhi alipokuwa akiparua samaki huyo. Kilikuwa bado kimelowa mate ya mbwa. Mama wa Mbwa alimvuta hadi bombani, akasugua kwa sabuni, akasugua tena. "Tukitoka hapa ni hospitali, nyathina, mwanangu." Lorine alitega sikio, akingoja aimbe. Yalisikika maji tu.