Bati na Kikohozi

Wakati wa korona, vigae vya paa la nyumba yetu huku ughaibuni, Campbelltown, vilianza kuvuja. Mimi nikasema tuezeke bati. Nilizaliwa chini ya nyasi, nikaoa chini ya turubai la kambi. Mtu aliyefika huezeka bati, basi. Fundi akashauri kwanza tutandike chini ya bati blanketi la kuzuia kelele. Nikamcheka: "Bati nalo huona baridi?"

Wiki hiyo mke wangu, anayetunza wazee, akarudi na ugonjwa huo. Akajifungia chumba cha nyuma, nilichokijenga kwa mikono yangu na kukiezeka bati tupu. Nikakaa nje ya mlango, nikimsikiliza akikohoa. Maadamu anakohoa, yupo.

Mchana mvua ikashuka. Kikohozi kikapotea. Nikagonga, nikaita, "Mama watoto! Mama watoto!" Nikasikia bati tu. Marufuku au si marufuku, nikausukuma mlango.

Alikuwa ameketi kitandani, amekasirika. "Mzee, unapiga kelele za nini? Nimeitika mpaka koo limekauka!"

Mvua ilipokatika nilimpigia fundi. "Weka bati," nikamwambia, "na lile blanketi, nene kabisa. Anza na chumba cha nyuma."